Neno Lisilokuwa Kwenye Kamusi Ndogo

Kimbo, Ruiru
Jumapili, saa tisa mchana

Nyambura mwanangu,

Umeenda Githurai kusukwa nywele, na rasta ndogo ninazijua, haziishi haraka. Kwa hivyo nina mchana wote wa kuandika. Kibanda cha sweta sikufungua leo. Kesho unaenda Eldoret kuanza masomo ya uuguzi, na yale mambo ambayo wazazi huandika sitayaandika. Baridi ya huko utaisikia mwenyewe. Kupika unajua kunishinda. Ninataka kukuambia jambo moja tu, ambalo linahusu jana asubuhi.

Jana ulitoa ile kamusi kubwa ya Kiingereza kwenye rafu, ukaifunga kwa leso na kuiweka kwenye sanduku, katikati ya nguo ili isikunjike. Nikakuambia uirudishe. Ukaniuliza, "Lakini Mum, si ni yangu? Si ulininunulia nikiwa class six?" Nikasema inabaki hapa nyumbani. Ukaifungua leso, ukairudisha kwenye rafu, ukaendelea kupanga nguo. Hukubishana. Hilo liliniuma kuliko kama ungebishana, kwa sababu najua ni mimi niliyekufundisha kunyamaza.

Kamusi hiyo haikuwa yako. Nilikuambia ni yako na nilikuwa nakudanganya. Niliinunua kwa ajili yangu, kutafuta neno moja.

Unajua niliachia shule darasa la saba. Siku zote nimekuambia karo ilikosekana, na hiyo ni nusu ya habari. Mama yangu, yule uliyepewa jina lake, alifariki mwaka huo, na mdogo wangu Njoroge alikuwa darasa la pili. Baba alikuwa anatoka kwenda shambani kabla ya jua na kurudi giza likiingia. Hakuniambia niache shule. Alisema tu tukiwa tunakula kwamba hajui atafanya nini na huyu mtoto mdogo, na mimi nikasema nitabaki naye. Nilijisikia mtu mkubwa sana kusema hivyo. Nikawa namwogesha, nampikia, nampeleka shule, na yeye akipanda darasa mimi nachuma kahawa kwenye mashamba ya huku Ruiru, mpaka nilipofundishwa mashine ya kufuma sweta.

Alipofika sekondari alikuwa anakuja likizo na kumsomea Baba gazeti la Kiingereza. Mara nyingine lilikuwa gazeti la kufungia nyama, lenye madoa ya mafuta. Baba hakuelewa hata sentensi moja, lakini alikuwa anazima redio ili amsikie. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na sufuria mkononi nikisikia raha, kama ni mimi ninayesoma. Kile Kiingereza niliona ni chetu sisi watatu, tumekitafuta pamoja, ila yeye ndiye amepewa kukibeba.

Tangu hapo kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumbani kwetu ilipitia kwa Njoroge. Kadi za hospitali, barua za chama cha wakulima, hata cheti chako cha kuzaliwa. Hakuwahi kunidanganya katika hizo hata mara moja. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hizo zote ile moja haingewezekana.

Baba, guka wako, alipofariki, miezi michache ikapita, halafu Jumamosi moja alasiri Njoroge akaja hapa. Nafikiri unaikumbuka hiyo siku, ingawa hatujawahi kuizungumzia. Alileta sukari, majani na mkate, na wewe akakuletea kalamu za rangi. Alikuita "maitu" kama anavyokuita siku zote, mama yetu, kwa ajili ya lile jina. Alipomaliza chai akatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki.

"Ni ya korti," akaniambia. "Ya kurithi shamba la Mzee. Sisi watoto wote tunasaini."

Niliisoma pole pole, kidole chini ya mstari. Jina langu lilikuwepo, na namba ya kitambulisho, na jina la Baba. Katikati kulikuwa na neno ambalo sikulijua, nikalisoma kwa sauti. "Renounce. Hii ni nini?"

"Ni kama announce," akasema. "Announce si ni kutangaza? Sasa re ni tena. Unatangaza tena kwamba wewe ni mtoto wa Mzee, ndio korti ikutambue."

Maneno hayo yalinipendeza, Nyambura. Nilifurahi kwamba hata korti ilitaka nitangazwe kuwa mtoto wa baba yangu.

Wewe ulikuwa mezani unafanya homework. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Bila kuinua kichwa ulisema, "Lakini Anko, kwa ibada ya Kiingereza, siku ya ubatizo, pasta huuliza wazazi kama wana-renounce shetani. Si hapo wanamkataa? Hawawezi kuwa wanamtangaza tena."

Njoroge alicheka. "Hiyo ni Kiingereza ya kanisa, maitu. Hii ni ya korti."

"Neno ni moja," ukasema.

Ukaenda kuleta kamusi yako ndogo ya shule, ile uliyokuwa umeibandika gamba kwa selotepu. Ulitafuta mbele yetu. Kamusi ilitoka kwa "renew" ikaruka mpaka "rent." Neno halikuwepo. Njoroge akasema, "Umeona? Haya si maneno ya watoto." Ukaifunga na kunitazama mimi, si yeye. "Mum, usisaini mpaka Jumatatu. Nitamuuliza mwalimu."

Nikakupiga kofi.

Nilikuambia usithubutu tena kumfanya anko wako mwongo mbele yangu. Ulitoka ukaenda kukaa kwenye ngazi za ploti hii tunayopanga. Na Njoroge, unajua alisema nini? Alisema, "Mwache mtoto, Wairimu. Hajui." Alikutetea, huku ile karatasi ya kunisainisha anairudisha kwenye bahasha.

Nimechukua miaka minane kukubali kwa nini nilikupiga. Sikukupiga kwa kudhani umekosea. Kwa muda mfupi nilidhani umesema kweli, na sikutaka kuwa mtu ambaye ndugu yake, aliyemlea kwa mikono yake, anaweza kumfanyia jambo kama hilo. Ilikuwa rahisi zaidi wewe ndiye uwe mbaya.

Jumatatu, wewe ukiwa bado shuleni, tulienda Thika kwa wakili, maana saini ilitakiwa iwekwe mbele yake. Ilikuwa ofisi ndogo ghorofani, na nilivaa nguo ya kanisa. Yule wakili aliniuliza kwa Kiingereza kama nimeielewa karatasi. Aliuliza vizuri tu, akainua macho akingoja jibu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema kuna neno moja hapa ambalo mtoto wangu analitilia shaka. Nikasema, "Yes." Nililisema kwa ile sauti bora niliyo nayo, kwa sababu Njoroge alikuwa amekaa kando yangu na tai yake na sikutaka kumwaibisha. Mengine yote naweza kumlaumu yeye. Hiyo "yes" ni yangu.

Mvua ndefu ilipokuja nilipanda gari kwenda shamba, kule mashariki ya Thika, kupanda maharagwe kama kila mwaka. Nilikuwa na mbegu na jembe. Nikakuta nguzo na waya mpya, na mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya waya. Alikuwa mpole. Akaniambia, "Mama, hapa pameuzwa. Aliyeuza alikuja mwenyewe akaonyesha mipaka." Nikamuuliza aliyeuza ni nani. Akanieleza mtu mwenye urefu wa Njoroge, mwenye mwendo wa Njoroge.

Nilimpigia simu nikiwa pale barabarani.

"Shamba limeuzwa," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Na langu?"

"Wairimu, ulisaini. Ulisema mbele ya wakili umeelewa."

"Nilikuuliza lile neno ni nini."

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningekuambia ukweli ungekataa."

Mwanangu, nimewahi kufikiria ingekuwa bora kama angenitukana. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia ya mkato. Mbegu nilimwachia yule mzee wa ndani ya waya. Hata sijui kwa nini. Nilishindwa kurudi nazo nyumbani.

Na bado, niamini au usiniamini, kuna sehemu yangu ambayo haikukubali. Njoroge hakuwa ameniambia maana ya neno hata kwenye simu. Nilijiambia labda wakili alikosea, labda kuna karatasi nyingine. Nikataka kuliona neno kwa macho yangu, kwenye kitabu ambacho kweli kinalo. Kumuuliza mtu sikutaka tena. Kuuliza mtu ndiko kulikonifikisha pale. Na wewe nisingeweza kukuuliza, nilikuwa nimekupiga kwa sababu ya neno hilo hilo.

Kamusi ya kwanza niliinunua Thika, kando ya barabara, kwa mtu aliyetandaza vitabu kwenye nailoni. Ilikuwa nene, na maandishi ya dhahabu juu. Akaniambia, "Hii iko na kila neno, mami." Niliipima kwa mkono kama mtu anayepima kabichi. Sikuifungua. Niliona haya asije akaniona nasoma kwa kidole. Nikaileta mpaka kwenye kibanda, nikakaa nyuma ya sweta, nikatafuta R. Ilienda vizuri mpaka "remote." Ukurasa uliofuata ulikuwa P tena, kurasa za P ambazo nilikuwa nimeshazipita, zimechapwa mara ya pili, na baada yake S. Sehemu yote niliyoitaka haikuwepo. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka jirani akauliza kuna nini.

Kesho yake niliirudisha. Yule mtu akasema, "Mama, ulinunua ukiona." Lakini sikuwa nimeona. Nilikuwa nimenunua nikiogopa kuonekana.

Kwa hivyo mara ya tatu nilipoenda Thika niliingia duka la vitabu lenye mlango na kaunta. Aliyekuwa pale ni mama mmoja Mkamba, wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Aliitwa Mwende. Nilimwambia nataka kamusi kubwa ya Kiingereza.

"Ya shule au ya nyumba?" akauliza.

"Kwani ni tofauti?"

"Ya shule ina maneno ambayo mwalimu atauliza. Ya nyumba ni ya yale yatakayokuja mlangoni na mwalimu hayupo."

Nikasema ya nyumba. Akaniwekea tatu kwenye kaunta. Mimi moja kwa moja nikashika ile nene kuliko zote. Akanitoa mkono kwa upole. "Usianze na unene. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nafuma sweta."

"Haya. Tafuta knit."

Nilisita. Nikamwambia mimi husoma pole pole. Akasema duka halifungwi mpaka jioni, akaendelea kupanga daftari zake bila kunitazama. Sijui kama alijua amenifanyia wema gani. Nikaweka kidole chini ya mstari na kutafuta.

Kamusi ya kwanza ilisema kwamba knit ni kutengeneza kitu kwa kuki-knit. "Hiyo inazunguka," Mwende akasema, akaisukuma kando. Ya pili, ile nene, ilieleza knit kwa maneno magumu kuliko knit yenyewe. Ningehitaji kamusi nyingine ya kuisomea hiyo. Ya tatu ilisema ni kuunganisha vitanzi vya uzi kwa sindano ndefu au kwa mashine ili kupata nguo. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa kazi yangu imeandikwa pale, mtu ameitazama na kuieleza sawasawa. Chini yake kulikuwa na mfano wa sentensi, na maana nyingine ambayo sikuijua, kwamba mfupa uliovunjika ukiungana nao pia hu-knit.

"Kama imesema kweli juu ya kitu unachokijua," Mwende akaniambia, "basi unaweza kuijaribu kwa usichokijua."

Akanionyesha mengine. Akaifungua katikati na kuilaza chali, nione kwamba kurasa zimeshonwa kwa uzi, si gundi tu. Hiyo niliielewa haraka kuliko yeye. Akaniambia nipitie herufi moja yote nihakikishe hakuna ukurasa uliorudiwa, na sikumwambia ni kwa nini nilianza na R. Akaniambia niangalie kama naweza kusoma maandishi bila kukunja uso, kwa sababu kamusi ambayo macho yanaichoka inakuwa ya kukaliwa na watoto mezani.

Halafu nikalipata neno.

Nimeshalisoma mara nyingi mno siku hizi, naweza kukuandikia kwa Kiswahili bila kuitazama kamusi. Ilisema ni kutangaza rasmi kwamba unaacha kitu kilicho chako, haki au cheo au mali. Kutangaza ilikuwemo, Nyambura. Njoroge hakuwa ametunga. Alichukua nusu ya maana akanipa, nusu nyingine akabaki nayo. Na mstari wa pili chini yake ulisema pia ni kumkana mtu au kuacha kumfuata. Hapo ndipo alipokuwa shetani wako wa ubatizo. Neno lilikuwa moja, kama ulivyosema.

Mwende akanisogezea kiti. Nilipokaa akauliza, "Nani alikuambia maana nyingine?"

"Ndugu yangu."

Alichukua ile kamusi akaanza kuifunga kwa karatasi, akikunja pembe pole pole. Na nikiwa nimekaa pale, wa kwanza kunijia akilini hakuwa Njoroge. Nilikuona wewe umekaa kwenye ngazi za ploti, mkono kwenye shavu.

Hapo ndipo ningefika nyumbani na kukuambia. Nilikuwa nimepanga. Gari lote kutoka Thika nilikuwa napanga maneno. Lakini nilipoingia ukaona mzigo, ukauliza ni nini, na mdomo wangu ukasema, "Nimekununulia kamusi." Ulifurahi sana. Ulinusa kurasa. Uliandika jina lako ndani, na darasa lako, na ukachora ua. Nilikuacha uandike. Nilijiambia ukifurahi hivyo basi yameisha, tumelipana. Kumbe nilikuwa nimekufanyia kile kile nilichofanyiwa. Nilikupa nusu ya habari, ile tamu.

Baadaye mambo ya Njoroge niliyapeleka kwa wazee wa kanisa. Alikuja na suti, akaongea vizuri, akanukuu Biblia kwa lugha mbili. Walituambia tusameheane. Kila mtu pale alizungumza juu ya moyo wangu, na hakuna aliyezungumza juu ya shamba. Mwanasheria mwingine aliniambia naweza kufungua kesi, lakini swali la kwanza litakuwa lile la wakili, na jibu langu limeandikwa. Niliacha. Sijui kama nilifanya vizuri. Kuna siku nafuma na mashine inaenda huku na huku, na naona nimesaga meno mpaka taya linauma.

Lakini shamba si hasara kubwa kuliko zote, ingawa nililia kwa ajili yake. Hasara kubwa niliiona ukiwa na miaka kumi na mitatu. Unakumbuka zile sweta za shule ya Mwihoko? Mwalimu mkuu alileta oda kwa Kiingereza. Ulinisomea ukiwa unakula, nikaanza kufuma. Nilifuma thelathini na mbili zenye mikono. Alipokuja kuzichukua akanionyesha kwenye barua: sleeveless. Alitaka zisizo na mikono. Nilikaa siku nne nikifumua mikono ile, na wewe ulikuwa unapita hapo kila jioni ukitoka shule. Nikakuuliza, "Hukuona nafuma mikono?"

Ukasema, "Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, Mum."

Hukusema kwa kiburi. Ulisema kwa adabu kabisa, kama mtoto wa mtu mwingine. Ndipo nikajua kwamba tangu lile kofi ulikuwa unaniona nakosea na kupita. Ndugu yangu alinichukulia shamba, lakini aliyekunyamazisha ni mimi, na kwa hilo hakuna karatasi ninayoweza kumwonyesha mtu na kusema nilidanganywa.

Wiki hiyo ya kufumua mikono ndipo nilipoanza kusoma. Kibanda kikiwa kimya nilikuwa naichukua ile kamusi, wewe ukiwa shuleni, na kuirudisha kabla hujafika. Ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Mwanzoni nilitaka tu nisidanganywe tena. Siku hizi napenda tu. Nimejua kwamba seam ni mshono wa kitambaa na pia tabaka la makaa ya mawe ndani ya ardhi. Oda za shule nazisoma mwenyewe, na mwaka jana nilimwandikia mwalimu mkuu mmoja barua ya Kiingereza ya mistari sita. Nilikaa na barua hiyo siku mbili. Sikukuonyesha, kwa kuogopa utaona makosa na kunyamaza.

Ndiyo sababu jana nilisema inabaki. Naitumia kila siku. Nilipaswa kukuambia hivyo mbele ya lile sanduku, na nilishindwa, kwa sababu yangefuata haya yote niliyoandika hapa. Wewe una simu, na simu itakutosha kwa masomo. Siku ukipata nyumba yako na kutaka kamusi ya kuweka ndani, ingia dukani uisome kwa muda wako, hata watu wakikutazama. Mimi niliogopa kutazamwa mara mbili, kwa wakili na kando ya barabara, na zote mbili nilitoka na kitu kibovu mkononi.

Watu watakudanganya huko, siwezi kukuzuilia. Wengine watakuwa watu wanaokupenda. Njoroge alinipenda, na nafikiri bado ananipenda kwa namna yake, na alinifanyia hivyo huku amekunywa chai yangu. Sijui nikufundishe nini juu ya hilo. Nimetafuta la kukuambia na sina. Najua tu kwamba siku hiyo kulikuwa na mtu mmoja ndani ya nyumba aliyesimama upande wangu, na nilimpiga.

Ulikuwa umesoma sawa, Nyambura. Ulikuwa sawa juu ya neno, na juu ya anko wako, na juu ya kungoja mpaka Jumatatu. Naomba unisamehe. Sikuandika hivi ili ujibu.

Kuna jambo la mwisho. Jumatano nilikusikia ukiongea na Njoroge kwenye simu, ukimwambia saa ya gari lako ili aje kukuaga. Ulikuwa umeingia bafuni na kufungua maji. Siwezi kukuambia jinsi nilivyojisikia. Nilidhani nimeuzwa tena, safari hii na wewe. Nilikaa na hasira mpaka Ijumaa, nawe ukafikiri ni kichwa kinaniuma.

Halafu nikayafikiria yale maji. Hukuyafungua ili unidanganye. Uliyafungua kwa sababu yangu. Yeye ni anko wako, alikubeba mgongoni kabla hujajua kutembea, na hakuna mahali katika nyumba hii ambapo ungeweza kuniambia kwamba bado unampenda.

Basi na aje. Nitamkaribisha chai na nitamsalimia kwa mkono. Kukaa naye meza moja bado sijafika hapo, na sitajifanya nimefika ili watu waone nimeokoka vizuri. Ukiniona nimekaa jikoni muda mrefu, usije kunivuta.

Lakini kama nitatoka huko na kusema neno lisilo la kweli, au lisilo la haki, juu yake au juu yako, niambie. Niambie hapo hapo, kwa sauti, naye akisikia.

Mimi mama yako,
Wairimu